Vidonge Walivyopewa Kuku

Kila asubuhi hapa kwetu Mabwerebwere, mjukuu wangu Odilia akishafagia uwanja huniamkia shikamoo, anafunga mlango, anakimbia shule. Ana miaka kumi na moja, mbio zake usiseme. Basi siku moja alifunga mlango, akaondoka, akarudi kuutikisa. Akaondoka. Akarudi. Mara saba, jamani!

"Umefungwa, mama," nikamwambia.

"Najua, babu. Lakini nisiporudi utakufa."



Kufika Ijumaa alikuwa ananawa mikono mpaka ngozi inapasuka. Halafu mikono yenyewe ikaanza kurukaruka, kikombe kinamponyoka. Analia, "Babu, sitaki, ila siwezi kuacha."

Jirani yetu Hildegarda akachungulia uani. "Mzee Mathias, huyo katupiwa kitu. Mpeleke kwa mganga kule Mamboya."

Nisiwafiche, nilishavaa viatu. Niliona mtoto anapotea huku namtazama.

"Hospitali kwanza, babu," Odilia akasema. "Mganga namwogopa."

Daktari alikuwa mama mmoja anaitwa Yusrah. Akamsikiliza moyo, akamwambia atoe ulimi. Ulimi haukutulia.

"Mzee, mwezi uliopita aliumwa?"

"Koo tu. Alipewa vidonge."

"Alimaliza dozi?"

"Alimaliza," nikajibu haraka.

Odilia akaniangalia. Loo, yale macho!

"Daktari, nimesema uongo. Siku ya tatu alikuwa anakula ugali vizuri, nikajua kapona. Vilivyobaki nikawawekea kuku kwenye maji. Walikuwa wanazubaa."

Daktari hakucheka. "Afadhali umesema. Wadudu wa koo walibaki. Mwili ukipigana nao, mara nyingine unajeruhi ubongo, mtoto anashindwa kuzuia mawazo na mikono yake. Hata moyo unaweza kuumia. Huu ni ugonjwa, mzee. Hajarogwa, wala si mkaidi."

Wakampima moyo, wakamwanzishia sindano ya kila mwezi, wale wadudu wasirudi. Hakupona kwa siku moja. Alirudi mlangoni mara tano, baadaye mara mbili, na mimi nikihesabu roho juu. Miezi ikapita.

Wajukuu zangu mnaosoma, dozi mmalize hata koo likipona. Na mawazo yakiwabana hivyo, msione aibu, semeni. Mkubwa akimdanganya daktari, semeni pia. Mimi nusura nimpoteze Odilia kwa kuona haya.

Jana kafunga mlango mara moja tu, akakimbia. Kufika njiani akageuka.

"Babu! Leo siku ya sindano. Usije ukawachoma nayo kuku!"