Waya Katika Redio ya Anselme

Anselme alikutwa amepiga magoti. Hilo ndilo lililomkera Inspekta Fiacre tangu mwanzo, maana maiti aliowazoea yeye hulala chali, au kifudifudi, au kwenye mtaro. Kupiga magoti ni kazi ya wazima.

Teksi ilisimama kando ya barabara, ng'ambo ya daraja la Shari, mlango wa abiria wa mbele ukiwa wazi. Dereva alikuwa nje, magoti yamezama kwenye matope mekundu, kifua na kichwa vimelalia kiti cha abiria. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Chuma cha kufungulia magurudumu kilitupwa kwenye majani, na mvua ya mchana ilikuwa imekiosha safi kabisa. Alama za vidole, kwaheri.

Fiacre alipekua mifuko. Pesa za siku nzima zilikuwamo. Simu ilikuwamo pia, mpya, kioo bila mkwaruzo. Mwizi gani huyu anayeua mtu halafu anamwachia kila kitu?

Daktari wa polisi aliinama, akatazama, akavua glavu. Alieleza kwamba pigo lilikuwa moja tu, limeshuka kutoka juu, na aliyepiga alikuwa mbele ya marehemu, hakuwa nyuma yake. Mikononi hakuna jeraha lolote, kwa hiyo hakujikinga.

"Yaani alimwinamia aliyemuua?" Fiacre aliuliza.

"Alimwinamia. Na aliyemuua alikuwa amekaa."

Hapo mpelelezi mwenye akili angekaa chini akafikiri. Fiacre hakupata nafasi. Kabla hajafika mjini, madereva wa teksi walikuwa wameshapata mtu wao: Fiston, fundi wa redio za magari kule sokoni, aliyeonekana jana yake akigombana na Anselme juu ya redio ya teksi hiyo hiyo. Fiston alikimbia vita kule Djugu, analala kambi ya wakimbizi. Katika Bunia yetu hii, akifa mtu wa upande mmoja wa vita vile, mtu wa upande mwingine hahitaji kosa lingine. Alama za vidole vyake zilijaa kwenye redio. Bila shaka zilijaa, si ndiye aliyeifunga? Lakini nani alitaka kusikia hayo wakati madereva wako getini na madumu ya petroli?

Kamanda alifurahi kupata jina. Fiacre alitia sahihi hati ya kumkamata. Alijua anachofanya, tena alikifanya haraka ili akale.

Jumatatu asubuhi Fiston alipaswa kupelekwa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, akasomewe mashtaka ya kuua. Kati ya kituo na parke kuna barabara moja, na kila mtu alijua madereva wamepanga nini kwenye barabara hiyo. Fiston asingefika. Na asipofika, vijana wa kambini wasingenyamaza, na siye wote tunajua mambo hayo yakianza huishia wapi.

Jumamosi Fiacre alishindwa kukaa. Roho ilimsuta tangu alfajiri. Magoti yale hayakumtoka kichwani. Akachukua ufunguo, akaenda uani ambako teksi iliegeshwa, akaingia na kukaa kwenye kiti cha dereva.

Kwenye tundu la USB la redio kulikuwa kumechomekwa waya. Waya mpya, bado una mng'ao wa dukani. Siku ile aliuona, akaupuuza, kwani gari gani siku hizi halina waya? Sasa akaitoa simu ya Anselme kwenye mfuko wa ushahidi, ajaribu. Mdomo wa waya haukuingia. Akageuza, akajaribu tena. Wapi! Simu ya Anselme ilikuwa na tundu la mviringo, la kisasa. Waya ulikuwa na ule mdomo mwembamba wa simu za zamani.

Sasa dereva ananunuaje waya mpya ambao hauingii kwenye simu yake?

Simu ya Fiacre mwenyewe ilikuwa kuukuu, mshahara wa serikali unajulikana. Akaichomeka. Iliingia bila shida, lakini redio ikakaa kimya. Simu ilichaji tu. Fiacre akabonyeza vitufe vya redio, akasonya, akakaribia kuitukana. Kisha akaona ujumbe mdogo kwenye kioo cha simu: unataka kuchaji peke yake, au kuruhusu redio isome faili zako? Akaweka namba yake ya siri, akaruhusu, na gari zima likajaa muziki. Akachomoa waya. Muziki ukakatika katikati ya neno.

Alikaa pale akitazama ule waya mkononi. Simu haiwezi kuimba katika redio hii mpaka mwenyewe aifungue na kuiruhusu. Mwenyewe alikuwa hapa, kwenye kiti cha abiria. Mwenyewe huyo aliondoka na simu yake, waya akauacha.

Fiacre akautia waya mfukoni, akapanda pikipiki mpaka Shari.

Nyuma ya kona, hatua chache kutoka pale maiti ilipokutwa, mama mmoja jina lake Bernadette huchoma mahindi chini ya turubai. Siku ya tukio polisi walimuuliza kama ameona kitu, akasema hakuona, na wakaishia hapo. Miti ya mikalatusi ilimziba. Fiacre alinunua hindi, akakaa kwenye jiwe, akauliza swali lingine.

"Mama, ulisikia nini?"

"Ah, kusikia nilisikia," Bernadette alisema. "Gari ilisimama na wimbo. Wimbo ya Mungu, nguvu sana. Mutoto mwanamuke njo alikuwa anaimba, yeye peke yake. Hakuna gitare, hakuna ngoma. Ata kuku ilikuwa inalia mule ndani."

"Kuku?"

"Kuku ya mu lupango, ya uani. Haikuwa wimbo ya kununua. Walimurekodi kwao."

"Kisha?"

"Kisha mutu akalia mara moja. Nikafikiri ni mu wimbo. Wimbo ikaendelea, beti yote, mpaka ikaisha muzuri. Kisha kimya. Na mvua."

Fiacre aliacha kutafuna. Hapa kwetu wimbo wa marehemu haukatwi. Uende matanga yoyote Bunia utaona: mvua inyeshe, turubai lianguke, mchungaji awe amesimama na Biblia yake wazi, korale ya kanisa ikianza wimbo wa aliyekufa itaumaliza, na kila mtu atangoja. Muuaji yeyote angekimbia pigo likishapigwa. Huyu alikaa karibu na maiti akangoja beti ya mwisho, kwa sababu kuchomoa simu kungemkata mtoto, marehemu bila shaka, katikati ya neno.

"Mutoto mwenyewe unamujua?"

Bernadette alipuliza makaa kwanza. "Sauti sikuijua. Lakini pale gari ilisimama, njo pale pale mutoto ya korale aligongwa, mu kiangazi ile ilipita. Gracia. Gari ilikimbia. Mulikuja mukaandika, mukaenda."

Fiacre aliweka hindi chini. Alikuwa yeye. Ni yeye aliyekuja, akaandika, akaenda. Mama wa mtoto alimfuata ofisini mara nyingi, naye kila mara alimwambia, mama, ngoja kidogo, tunatafuta. Hakuna aliyekuwa akitafuta kitu.

Na mama huyo, Régine, mwongozaji wa korale, ndiye aliyekuwa akileta chakula cha Fiston kasho, mahabusu ya kituoni, tangu fundi afungwe. Asiye na ndugu mjini hulala njaa kasho, na Fiston hakuwa na ndugu. Askari walimsifu Mama Régine kwa huruma yake. Fiacre pia alimsifu.

Alirudi kituoni akafungua kasho mwenyewe. Fiston alikuwa ameegemea ukuta, jicho moja limevimba. Fiacre alimuuliza kile ambacho angemuuliza siku ya kwanza: yeye na Anselme waligombania nini hasa?

"Waya," Fiston alisema. "Alitaka simu moja ya zamani iimbe mu ile redio. Nikamuambia haiwezi. Akakasirika, akasema nijaribu tena, nijaribu tena. Alikuwa karibu kulia, shefu. Mutu mukubwa. Nikamutafutia waya ingine, nikamuonyesha namna ya kuruhusu, akaenda."

"Simu ya nani?"

"Ya mama moja. Jina hakutaja. Alisema tu, ile simu lazima iimbe, hata itokee nini."

Mchana Régine alifika na sahani yake imefunikwa kitambaa, bugali na samaki wa Tchomia. Fiacre alimkaribisha ofisini, akamvutia kiti, akaweka waya juu ya meza.

Régine aliutazama. Akaiweka sahani sakafuni polepole, akatoa simu yake kifuani, ya zamani, mfuniko umefungwa kwa mpira, akaiweka karibu na waya.

"Hii waya, ni Anselme alininunulia," alisema.

"Kwa nini akununulie?"

"Hakukataa kitu changu. Tangu mutoto azikwe, hakukataa kitu. Ananipeleka Misa, ananipeleka soko, ananipeleka ku kaburi. Mi nikafikiri, ona Mungu, amenitumia mutu muzuri. Nikamuambia, papa, simu yangu inaimba kidogo sana, kama mududu. Ningependa kumusikia Gracia na sauti kubwa, siku moja tu, tukienda kumutembelea. Aliangalia chini. Kisha akasema, nitatengeneza."

"Na alitengeneza."

"Alitengeneza."

Uso wake ulikuwa mkavu. Fiacre angependa alie, kwa sababu mtu akilia mpelelezi anajua la kufanya. Alimwomba aendelee.

"Tulipita daraja. Mutoto akaanza kuimba, gari yote ilikuwa sauti yake. Papa Inspekta, ilikuwa kama amekaa nyuma. Anselme akasimamisha gari pale pale. Nikawaza anamuheshimia. Akazunguka, akafungua mulango yangu, akapiga magoti mu matope. Akasema, Mama Régine, ni miye."

"Ukafanya nini?"

"Nikamushika kichwa, nikakiweka hapa." Aligusa mapaja yake. "Nikamuambia nimekusamehe. Na ilikuwa kweli. Nilisikia mwili wangu unakuwa mwepesi. Mutu aliyenisaidia hivi, nimukatae namna gani?"

"Sasa ile chuma ilitoka wapi?"

"Aliongeza neno." Régine aliugusa waya juu ya meza. "Angeachia pale. Lakini alitaka kutoa yote. Akasema, mama, hakukufa mara moja. Nilisimama, nikashuka. Alikuwa ananiangalia. Alikuwa anaita mama. Nikaogopa batu watakuja kunichoma na gari, nikamuacha, nikaenda. Na pale mu redio anaimba. Musikie vizuri: mu redio anaimba, na mu kinywa ya Anselme ananiita. Chuma ilikuwa chini ya kiti. Mukono yangu iliipata, mi sijue namna gani."

"Ukangoja wimbo uishe."

"Ningemukata namna gani mutoto wangu?"

Fiacre aliuliza, kwa sauti ndogo, habari za Fiston. Mtu asiye na kosa, anayengojewa na petroli.

"Kila siku nilikuja niseme," alisema Régine. "Nikifika hapa, askari ananiuliza, mama, umeleta nini leo? Naacha sahani, narudi. Usiku sijalala, asubuhi napika tena. Nilitaka uniulize, papa. Mi nilingoja mutu aniulize."

Na hapo Fiacre alijiona mdogo kuliko kiti alichokalia. Mama huyu alikuwa amengoja kuulizwa tangu siku mtoto wake alipogongwa. Laiti angemtafuta yule dereva wakati ule, Anselme angekuwa gerezani, hai, na Régine angekuwa nyumbani kwake. Badala ya kumwambia hivyo, alichukua kalamu akaandika maungamo ya Régine neno kwa neno.

Kisha alitoka mpaka getini. Aliwaambia madereva kwamba Fiston anaachiliwa, na kwamba aliyemuua Anselme amekiri, na akawaambia sababu pia, yote, pamoja na mtoto aliyeachwa akiita barabarani. Walitazamana. Mmoja alichukua dumu lake akaondoka, na wengine wakafuata bila kelele. Fiston alipita katikati yao akichechemea, na hakuna aliyemgusa.

Fiacre aliporudi, Régine alikuwa ameshatia sahihi. Pingu alimfungia mbele, akizilegeza kadiri alivyoweza.

"Unajuta, mama?"

Régine alifikiri, kama mtu anayetaka kujibu kwa haki.

"Ule mwenye alimuacha Gracia mu barabara, ningemuua ata leo," alisema. "Lakini ule sikumupata, papa. Nilimuua ule mwenye alirudi."