Mbeleko Isiyokauka

Gundi ya unga wa ngano haizidi siku mbili kukauka, hata iwe Julai, hata ukungu ushuke kutoka mlimani ukalie mji wa Nyeri kama mgeni asiyejua kuaga. Murugi alilijua hilo kama alivyojua kupika chai, maana gundi aliipika mwenyewe katika sufuria kuukuu, akiikoroga kwa mkono mmoja na mtoto amembeba kwa mwingine. Sasa ilikuwa siku ya tano. Kwenye picha aliyokuwa akiibandika, maganda ya mgomba yalishika, vifungo vilishika, nyuzi za mkonge zilishika, na udongo mwekundu aliousugua kwenye gunia la kahawa ulikuwa mgumu kama ukuta. Ile mbeleko ya buluu tu ndiyo iliyokataa. Aliigusa kwa kidole, kidole kikarudi kimelowa. Akakinusa.

Kilinuka maziwa.

Akajiambia ni koti la Theuri. Theuri, mumewe, alikuwa karani katika kituo cha kupokea maziwa huko Mukurweini. Alilala huko siku za kazi na kurudi Ijumaa, na koti lake zito la kijivu lilinuka mitungi hata likianikwa. Basi ni koti, Murugi akasema kwa sauti, ingawa ilikuwa Jumanne na koti halikuwapo.

Mwaka huo wa 1975 akina mama wa kanisa walikuwa wamejenga ukumbi, nao wakamwagiza picha ya ukuta mmoja mzima: mama na mtoto mgongoni. Hawakutaka ya kuchora tu. Walitaka ile kazi yake ya kubandika, ya magunia na vifungo na vizibo vya soda, ambayo Theuri aliiita takataka zako. Hakuwahi kupata kazi kubwa kama hiyo, na alitaka iwe ya kweli. Shida ilikuwa mbeleko. Aliitaka ile buluu ya kitambaa kilichobeba mtoto, kilichofuliwa mtoni na kupigwa na jua na kulowa jasho la mgongo. Alijaribu buluu ya kufulia, ikatoka kama yunifomu ya shule. Akajaribu rangi ya mafuta, ikang'aa kama kibao cha duka. Kamla, mke wa Ambalal mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa akishona barazani na kumwekea vipande vilivyobaki, alimpa buluu sita, zote nzuri, zote mpya. Murugi akamlalamikia Theuri kwamba kitambaa kipya hakijui kubeba.

Na Theuri, ambaye hakuwahi kumletea hata sindano, Ijumaa iliyofuata akaja na buluu imefungwa katika gazeti. Ati mama yake alikuwa nayo kwa sanduku huko Giakanja. Ati anasema ikae kwako. Murugi alikaribia kulia kwa furaha. Ilikuwa yenyewe, imechakaa pale pale inapopita begani. Baadaye sana ndipo alipokumbuka kwamba Theuri hakuigusa. Alishika gazeti.

Mtoto wao alikuwa na miezi mitano. Aliitwa Kagure, jina la mama yake Theuri, kama desturi inavyotaka kwa msichana wa kwanza, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Murugi kwa jina lake tena, akawa Mama Kagure nyumbani, Mama Kagure sokoni, siku nzima Kagure, Kagure. Alikuwa mtoto mnyonyaji, mwenye kelele. Siku ya sita ya gundi akakataa titi. Murugi alimpa asubuhi akageuza uso, akampa adhuhuri akageuza uso, na maziwa yakamjaa kifuani mpaka yakauma. Alidhani ni homa. Akamwinua begani kumpigapiga mgongo, na mtoto akacheua maziwa meupe, mazito, mengi, mtoto ambaye hakunyonya tangu jana yake.

Kisha ikaja ile sauti. Alikuwa jikoni akipika gundi nyingine, ukungu umeziba dirisha kama pamba, na kutoka chumba cha kazi akasikia pa, pa, pa, taratibu, mkono ukipigapiga kitambaa chenye kitu ndani, jinsi kila mama apigavyo mtoto akimlaza. Akaenda. Hapakuwa na mtu. Picha ilisimama ukutani, ndefu kuliko yeye, imempa mgongo kama alivyoitengeneza, na mtoto alilala kitandani kwake. Ila blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri pembeni, nalo Murugi hakulikunja.

Angeondoka siku ile. Lakini ukumbi ulikuwa ufunguliwe mwisho wa mwezi, na mtu akiwa na kazi ya kwanza kubwa maishani hujidanganya kwa bidii.

Siku ya saba alitoka nje kuanua nguo, kamba iko hatua kumi kutoka mlangoni, hakukawia, na aliporudi kitanda kilikuwa kitupu, akatazama chini ya kitanda ingawa mtoto wa miezi mitano hawezi kutambaa, akatazama nyuma ya mlango, akatazama ndani ya gunia la vizibo kama mwendawazimu, na wakati wote huo pa, pa, pa, nyuma yake, karibu, bila haraka, na harufu ya maziwa yaliyolala ikajaa chumba mpaka ikamkaa kooni, akageuka asitake kugeuka, na akaona mbeleko kwenye picha imefura, ile buluu aliyoibandika bapa kwa mikono yake imebanduka kutoka gunia na kufura kama mgongo wa mtu aliyebeba, na chini yake, pale alipokuwa hajaweka hata kifungo kimoja cha kuwa miguu ya mtoto, ulikuwa umening'inia mguu mdogo wenye soksi ya manjano, soksi aliyoifuma yeye.

Hakupiga kelele. Alihisi kwamba akipiga kelele, mbeleko itakazwa. Aliifungua polepole kama unavyomfungua mtoto mgongoni mwa mama mwingine, akisema, "Nipe, nipe tu, umebeba vya kutosha," na hakujua anasema na nani. Kagure alikuwa amelala. Alikuwa ameshiba, midomo imelowa.

Alimfunga mtoto kifuani kwa leso, akaibandua mbeleko yote, akakimbia nayo mjini. Njiani alimlaumu Kamla. Kila mtu sokoni alisema Wahindi huweka majini dukani kulinda mali, naye akajiambia uzi wa Kamla, sindano ya Kamla, vile vipande vya bure, nani hutoa vitu vya bure. Akafika barazani akaitupa juu ya cherehani.

Kamla aliitazama, akaigeuza, akavaa miwani.

"Hii ulitoa wapi?"

"Kwa mama ya Theuri. Kwani wewe umeweka nini ndani ya vitu unanipatia?"

Kamla hakuudhika. Alikuwa akifuata pindo kwa ukucha. "Hii pindo ni yangu. Angalia, uzi mbili, moja buluu, moja nyeupe, sababu ile siku buluu ilikwisha. Mimi nilishonea bibi ya Theuri."

"Bibi ya Theuri ni mimi."

Kamla akavua miwani.

"Ile ya kwanza," akasema kwa sauti ya chini. "Ile alikuwa na mtoto. Mimi nilifikiri wewe najua, Murugi. Kila mtu nafikiri wewe najua."

Murugi alimtazama yule mwanamke aliyemdhania ubaya njia nzima, na aibu ikamshika pamoja na baridi.

Kesho yake asubuhi alikuwa Giakanja. Mama mkwe wake alikuwa ameketi kizingitini akichagua njahi, yale maharagwe meusi anayopikiwa mzazi ili maziwa yaje. Alipoiona mbeleko ndani ya karai alilokuja nalo Murugi, alivuta miguu yake ndani ya sketi.

Hakukana. Alisimulia huku akiendelea kuchagua. Yule mke aliitwa Ngendo. Mtoto alikufa kwa surua mwaka wa sitini na nane, na Ngendo akaendelea kufunga mbeleko mgongoni haina kitu, akaenda nayo sokoni, akaenda nayo kanisani, akiipigapiga. Watu wakacheka. Theuri akaona haya. Siku moja Ngendo akioga wakaichukua wakaifungia sandukuni, ndiyo apone. Alitembea siku tisa chini ya mibuni akiitafuta, mvua ya masika yote juu yake, na siku ya kumi hakuamka.

"Halafu sanduku likaanza kulowa," akasema. "Na usiku wote kupigapiga."

"Na ukaniletea mimi."

"Ulitaka buluu. Nimekaa nayo miaka saba. Wewe ni kijana, kaa nayo kidogo."

"Theuri alijua?"

"Nani aliifunga kwa gazeti?"

Murugi aliketi chini kwenye umande. Alitaka kulia akakuta hasira imeziba mahali pa machozi. Washenga walikuwa wamekwenda kwao, wazee kumi na wawili, wakanywa uji wa mama yake na kumsifu Theuri kijana asiyewahi kuoa, na hakuna hata mmoja aliyekohoa. Kisha jambo lingine likamjia, na likamwogofya kuliko yote.

"Yule mtoto aliitwa nani?"

Mwanamke mzee aliinua macho, ameshangaa kabisa kuulizwa.

"Msichana wa kwanza wa kijana wangu? Angeitwa nani?"

Mganga alikaa bonde la pili, mzee Kihara, naye hakumwaga hata mbegu za ramli za kibuyu chake. Alinusa mbeleko kutoka mbali. Akasema watu wa mjini wataita hilo jini, na waite, lakini ni mama anayesikia mtoto wake akiitwa kutwa nzima. Kila mkisema Kagure, anakuja kumnyonyesha. Mbuzi hatasaidia. Mtoto huyu apewe jina lingine leo hii. Na aliyeificha mbeleko aichukue kwa mikono yake, aizike pale walipo wale wawili, na aseme mbele ya watu: huyu alikuwa mke wangu, huyu alikuwa mtoto wangu.

"Na akikataa?"

"Itamtafuta aliye karibu," alisema Kihara. Alimtazama mtoto, kisha akatazama kando. "Kitu kama hiki hakikai bila kubebwa."

Njiani kurudi Murugi alimpa binti yake jina la mama yake mwenyewe, Nyaguthii. Alimnong'onezea sikioni mara saba. Jioni ile mtoto akanyonya.

Ilikuwa Ijumaa, na Theuri alipokuja usiku ule, Murugi alimweleza yote akiwa amesimama, bila kupaza sauti, na akamwomba. Hakutaka kuombwa msamaha wala kupewa maelezo. Alimwomba aende Giakanja kesho, azike kitambaa, aseme majina mawili. Theuri alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Akasema mwaka huu anawekwa mzee wa kanisa. Ati asimame shambani aite maiti, watu waseme nini. Ati mtoto ni Kagure na atabaki Kagure, kwani mama yake afe bila jina? "Choma hiyo kitu, Mama Kagure, tulale."

Kwa jina lile, kutoka kwenye karai kikasikika kishindo kidogo, pa, pa. Theuri alikisikia. Murugi alimwona akikisikia. Akajifunika blanketi akageukia ukuta, upande wa mtoto akamwachia yeye.

Alijaribu kuichoma alfajiri. Mafuta ya taa yaliungua yote juu yake na mbeleko ikabaki mbichi.

Basi Jumapili asubuhi, Theuri akinyoa ndevu uani, Murugi alilichukua koti la kijivu, akafumua bitana nyuma, kati ya mabega. Alijua anachofanya, hakujidanganya safari hii. Aliikunja buluu mara mbili, akaitandaza ndani, akashona kwa nyuzi mbili, mmoja buluu, mmoja mweupe, mishono midogo kama ya Kamla. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Akalipiga brashi. Akamshikia mumewe mikono ya koti avae, kama mke mwema.

"Limekuwa nzito," alisema Theuri.

"Ni ukungu."

Alipokwenda kanisani, yeye alifunga nguo zake na za mtoto. Kamla alikuwa amempa chumba cha nyuma cha duka.

Picha iliwekwa ukumbini mwisho wa mwezi. Mahali pa mbeleko Murugi hakuweka kitu, aliacha gunia tupu lenye umbo la mzigo uliotolewa. Akina mama walisimama mbele yake muda mrefu, na wengine, wale wa Giakanja hasa, walitoka nje.

Wiki tatu baadaye, Jumapili, Theuri alikuja mchana. Alisimama mlangoni pa chumba cha nyuma akiwa amekonda, ameinama mbele kidogo, na ingawa jua lilikuwa limetoka kwa mara ya kwanza tangu Juni, hakulivua koti. Alisema amekuja kuchukua mtoto. Alisema mama yake haji kwake tena wala hamfungulii mlango, hajui kwa nini. Akachungulia kitandani akaita kwa upole, kama baba yeyote:

"Kagure."

Nyaguthii aliendelea kuchezea kifungo chake, hakuinua hata macho.

"Si huyu unaita," Murugi alinong'ona. "Huyo wako uko naye."

Theuri akageuka kuondoka, na Murugi akaona doa limeenea kati ya mabega, bichi, linang'aa juani, na harufu ile ikapita mlangoni, na kituo cha maziwa hakifunguliwi Jumapili. Alitembea taratibu, kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kuamsha. Alipofika kona ya duka mkono wake wa kulia ulikwenda nyuma wenyewe, ukaanza kupigapiga.