Maji ya Mwanvua

Asubuhi ile Alimbongo ilikuwa kama asubuhi zake zote: baridi ya kung'ata masikio, ukungu juu ya mashamba ya viazi, wanawake wakishuka na mizigo mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso. Amisi alipanda kwenye bampa ya kamioni yake, akafungua kifuniko cha radiatere na kutumbukiza kidole. Maji yalikuwepo. Kila siku alifanya hivyo kabla ya kusali, na rafiki zake walisema siku atakayosali kwanza, dunia itaisha.

Ulikuwa mwaka wa sitini na nne. Basimba, waasi waliojiita simba, walikuwa wameshika mji wa Butembo, wakihubiri usawa wa watu wote, na wa kwanza kusawazishwa walikuwa wenye magari. Komanda wao, aliyekaa katika bureau ya mtaa wa Kimemi alikoishi Amisi, alikuwa amemtuma jana yake kuleta viazi vya wapiganaji, na ili asije akasahau njia ya kurudi, alimfungia Mwanvua, mke wa Amisi, katika chumba cha nyuma, mlango wa kufuli, dirisha dogo la vyuma.

"Jua ya kesho ikilala kamio haijafika," komanda alisema, akisafisha meno kwa njiti, "na bibi yako analala."

Mlinzi wa safari alikuwa Mashaka, Musimba mwenye majani kichwani na bunduki mapajani, aliyeketi ndani ya kabini na kula ndizi za Amisi bila kuomba. Walipokuwa wanataka kuondoka Alimbongo, wapiganaji wengine walikuja wamebeba mtu kwenye blanketi, wakamtupa juu ya magunia. Akahukumiwe Butembo, walisema. Amisi alitazama uso, akatamani asingetazama.

Alikuwa Maliro, muuza maharagwe, jirani yake wa Kimemi. Ua na ua, katikati ni mstari wa migomba tu. Adèle, mke wa Maliro, na Mwanvua waliazimana moto, chumvi na maneno ya watu. Maliro alikuwa amejaribu kukimbilia kusini. Risasi ikampata pajani, na damu nyingi ilikuwa imebaki njiani.

"Amisi," alisema Maliro. "Mungu ni mukubwa. Ni weye."

Amisi alifunga turubai.

Walipita Lubero vizuri. Ni kwenye mpando unaofuata ndipo mshale wa joto ulipoanza kuinuka, kisha ukalala kwenye nyekundu. Mvuke ulitoka chini ya boneti. Amisi alisimamisha gari palepale mgongoni mwa mlima, penye nyasi kavu za kiangazi na upepo. Kijito kilionekana mbali chini ya bonde, chembamba kama uzi. Kwenda na kurudi jua lingekuwa limekwisha.

Hakufungua kifuniko. Mwenye haraka hufungua radiatere ya moto mara moja tu maishani, kisha hutafuta mtu wa kumlisha. Alingoja. Motere ilipopoa, alilala chini ya gari, akafuata unyevu kwa kidole, kutoka chini kwenda juu, mpaka kwenye dirite, ule mpira mnene unaopeleka maji kwenye motere. Pale bano lilipouma, mpira ulikuwa umepasuka, na pembeni ya ufa palikuwa na ukoko mweupe. Ulikuwa unavuja siku nyingi, kidogo kidogo. Alikata kipande kibovu, akavuta uliobaki, akaufunga kwa utepe wa mpira wa ndani wa tairi, akazungusha waya na kuukaza kwa koleo. Kazi safi.

Ilibaki kujaza. Alikuwa na bidoni moja ya maji.

Alipoishusha kutoka kwenye magunia, Maliro alisikia maji yakicheza ndani. Mwenye kupoteza damu husikia maji kuliko jina lake.

"Ndeko, ndugu yangu. Unipatie kidogo."

"Haina mingi."

"Kikombe."

"Maliro, radiatere inaomba yote."

"Basi ulowanishe kidole, unipakaze ku midomo. Kidole tu."

Mashaka alicheka kule kabini, mdomo umejaa ndizi. "Chagua, shofere. Gari ama mutu."

Kikombe kimoja hakijaua gari lolote duniani. Amisi alijua hivyo kuliko yeyote katika barabara ile. Na kidole kilicholowa kingepunguza nini? Lakini alikuwa anamuona Mwanvua nyuma ya vile vyuma, na jua lilikuwa limeshaanza kuteremka, na hofu ikimkamata mtu barabara humfanya bahili hata wa matone. Isitoshe alishakasirika. Alimkasirikia Maliro kwa kuomba.

"Ile mayi ni ya Mwanvua," alisema. "Gari isipofika, banamuua. Umesikia? Si yangu nipatie mutu. Ni ya Mwanvua."

Maliro alitazama maji yakishuka kwenye tundu la radiatere, yote, mpaka Amisi alipopiga kitako cha bidoni ili tone la mwisho litoke.

"Lakini kama ni ya Mwanvua," alisema polepole, bila hasira yoyote, "nitaomba yeye."

Kisha akageuza uso kwenye magunia.

Gari lilikwenda vizuri. Mshale ulikaa mahali pake. Amisi alianza hata kupiga mluzi. Walipofika kwenye daraja la magogo, mshale ulipanda tena.

Alisimama. Akangoja. Akafungua kifuniko kwa kitambaa. Kidole hakikugusa maji. Akaingiza kijiti: radiatere ilikuwa imebaki nusu.

Alirudi chini ya gari. Dirite ilikuwa kavu. Pampu ya maji kavu. Robineti, ile koki ya chini, kavu. Vumbi chini ya motere lilikuwa vumbi. Akavuta kijiti cha mafuta, maana maji yakiingia kwenye mafuta huyafanya kama maziwa. Mafuta yalikuwa meusi, safi. Moshi wa nyuma haukuwa na mvuke. Maji hayakwenda popote.

Hayakuwepo tu.

Ndipo aliposikia. Kwenye mpira. Sauti ndogo, kisha kimya, kisha tena. Ilikuwa sauti ya koo.

Mashaka naye alisikia. Ndizi ikabaki mkononi.

"Ni nini inameza?" alinong'ona.

"Ni hewa."

"Hewa iko na koo?"

Amisi alipanda nyuma, akafunua turubai. Maliro alikuwa amekufa, na si sasa hivi. Alikuwa ameshakakamaa, shavu limebeba alama ya gunia. Alikufa mapema, huenda kwenye mpando uleule. Lakini midomo yake iliyokuwa imechanika kwa kiu ilikuwa laini. Ilikuwa imelowa. Kwenye pembe ya mdomo kulikuwa na tone la rangi ya kutu.

Amisi aliinama. Lilinuka mpira wa moto.

"Umutupe," alisema Mashaka kutoka chini. Yeye hakutaka kugusa maiti. Dawa yake ya vita, ile ya kuzuia risasi, ilikataza, na leo ilikataza kwa nguvu zaidi. "Umutupe na twende."

Amisi hakumtupa. Alishuka mpaka kwenye maji chini ya daraja, akajaza bidoni, akarudi kwa Maliro kwanza. Alimfanyia kile ambacho mtu hufanyiwa anapokata roho: alilowanisha kidole, akampaka midomo. Kisha akamimina kikombe. Kisha kingine. Maji yalijaa mdomoni, yakafurika, yakateremka shingoni mpaka kwenye magunia. Koo halikupokea hata tone.

"Kunywa," alinong'ona. "Si uliomba? Kunywa basi."

Hakunywa.

Alijaza radiatere, wakaondoka. Na hapo gari likawa gari. Mshale ulilala chini, haukutikisika, hata kwenye mipando ya mwisho. Amisi alipotia mkono kwenye boneti njiani, chuma kilikuwa cha baridi. Alimshukuru Mungu. Alijiambia kwamba marehemu amekunywa, ameshiba, amesamehe. Fundi yeyote angemwambia kwamba tobo lisilozibwa na mtu halijazibika. Hutoboka mahali pengine.

Waliingia Kimemi jua likiwa bado juu ya vilima, jekundu, zima. Komanda alitazama jua, akatazama viazi, akaamuru maiti ya Maliro ikafukiwe kimyakimya, akacheka.

"Shofere ni mwanaume. Mufungulie."

Mlinzi wa chumba hakusimama haraka. Alikuwa mtu mzima kutoka vijiji vya Beni, na alikuwa anazungusha ufunguo mkononi bila kumtazama Amisi.

"Katikati ya siku," alisema, "bibi yako alikuwa anaongea na mutu ku dirisha. Anasema, kunywa, shemeji. Kunywa yote, hapana kuogopa. Mi nikazunguka nyumba kuangalia."

"Na nani?"

"Hakuna mutu."

Akafungua.

Mwanvua aliketi ukutani, mikono imenyooshwa mbele kama anayepokezana kitu na mwenzake. Ngozi ilikuwa imeshikamana na mifupa. Midomo ilikuwa imerudi nyuma, meno nje, ulimi mweusi, mgumu kama kipande cha mti. Alikuwa amevaa kitenge kilekile alichofungiwa nacho, na kitenge kilimzunguka mara mbili. Pembeni yake mtungi ulikuwa umejaa hadi ukingoni.

Walimzika kesho yake. Alfajiri wanawake walimlaza kwenye ubao ili wamwoshe, na mama Mapenzi, aliyeosha wafu wa Kiislamu wa mji ule tangu usichana wake, akamimina ndoo ya kwanza. Ilimwagika juu ya kifua. Hakuna kilichoshuka. Akamimina ya pili, ya tatu. Wanawake waliinama kutazama chini ya ubao.

Mkeka ulikuwa mkavu.

"Mulete ingine," alisema mama Mapenzi, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Walileta. Mitungi ya ua mzima iliisha. Adèle, ambaye hakuwa wa dini yao na alikuwa hajajua bado kama ni mjane, alibeba maji kutoka kijitoni mpaka mabega yakamtoka damu. Maiti ilipokea yote. Haikulowa.

Mwishowe waliivika sanda ilivyo. Adèle alimkuta Amisi amekaa kwenye bampa.

"Banasema Maliro alikuwa ndani ya kamio yako."

"Alikufa njiani."

"Kuna kitu aliomba?"

Amisi alimtazama usoni.

"Hapana," alisema. "Hakuomba kitu."

Mvua za Septemba zilianza wiki chache baadaye, na mwaka ule zilikuwa kali. Ziliangusha migomba na kubeba nusu ya barabara. Kwenye makaburi matope yalifika magotini. Mahali pamoja tu, urefu wa mwanamke mmoja, vumbi lilikuwa linapeperuka.