Sauti Walizokabidhiwa

Kila alasiri, masomo yakiisha, Chiriku alipitia kituoni kwa mama yake kabla ya kwenda nyumbani. Kituo chenyewe kilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vitambaa: chumba cha kungojea, ofisi, na chumba cha mazoezi chenye zulia nene na kioo kirefu ukutani. Mama alikuwa mtaalamu wa usemi. Aliwasaidia watoto wenye kigugumizi, waliochelewa kusema, na wale ambao ulimi uliwagomea baada ya ugonjwa. Mle ndani kila neno lilitafutwa kwa jasho. Chiriku yeye maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka, ndiyo maana wakampa jina la yule ndege mdogo asiyejua kunyamaza.

Alikuwa na ruhusa ya kukaa ofisini na kufanya kazi zake za shule kwenye kompyuta ya Mama. Sharti lilikuwa moja tu: vitu vya wagonjwa visiguswe.

Wiki hiyo watu wa kituo walikuwa wamenuna. Karani, katika kupunguza vitu vya zamani, alikuwa amefuta kwa bahati mbaya folda nzima ya sauti za watoto wa mwaka uliopita. Mama humrekodi kila mtoto anapoanza mazoezi, kisha humrekodi tena mara kwa mara, ili mzazi asikie mwanawe alikotoka na alikofika. Kazi zote za ofisi zilihifadhiwa mtandaoni, kwenye kompyuta za kampuni ya mbali, na wote waliamini kwamba kilichowekwa huko hakipotei. Kumbe kikifutwa hukaa kwenye kapu la taka kwa muda, kisha hutoweka moja kwa moja. Walipogundua, muda ulikuwa umekwisha pita.

"Kuna mtoto mle alisema 'mama' kwa mara ya kwanza," Mama alisema, mkono shavuni. "Nitamwambia nini mama yake?"

Wakamwita Fundi, mwanamke kijana anayetengeneza kompyuta za ofisi za mtaa ule. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Pole sana, dada. Zilizopotea zimepotea. Sasa tutafute programu ya kutunza nakala za akiba, ili hata mtu akikosea, tuzirudishe. Zipo nyingi. Nipe siku chache nisome masharti yao."

"Siku chache zote hizo za nini?" Chiriku alidakia kutoka kwenye kiti chake.

"Hizi ni sauti za watoto na habari za maradhi yao, mwanangu. Sheria ya taarifa binafsi haina mchezo kwenye mambo hayo, wala mimi sina."

Chiriku alicheka moyoni. Nani husoma masharti? Yeye na wenzake darasani walikuwa na programu ya bure ya kutunzia picha, na haikuwahi kuwasumbua.

Kesho yake alikuta Karani ametoka na Mama yuko chumba cha mazoezi. Kompyuta ilikuwa wazi, imeingia tayari kwenye akaunti ya ofisi. Uso wa Mama, vile ulivyokuwa umechoka, ulimjia. Akaona amalize jambo lile mwenyewe, awashangaze wote. Aliitafuta ile programu ya bure, akaiunganisha na akaunti. Maandishi marefu yakajitokeza, na chini yake sentensi moja yenye herufi nene: *Unaturuhusu kusoma, kunakili na kutumia faili zako zote ili kuboresha huduma zetu.* Hakufika hata nusu ya ukurasa. Akabonyeza "Nakubali", akarudi kwenye hesabu zake akitabasamu.

Siku iliyofuata Fundi alirudi. Alivuta kiti karibu na Mama, na Chiriku akatega sikio akingoja nafasi ya kutoboa habari yake njema.

"Nimebaki na programu mbili, dada. Kila moja nimeiuliza maswali yaleyale. Nakala zitakaa nchi gani? Ufunguo wa kuzifungua atakuwa nao nani? Mzazi akitaka habari za mwanawe zifutwe, zitafutika kweli? Na je, tukipoteza kitu, zinarudisha kweli au ni maneno tu?"

"Na zile za bure?" Mama aliuliza. "Kituo chetu hakina uwezo mkubwa."

"Kuna moja watu wanaishangilia." Fundi akaitaja. Ilikuwa ileile. "Hiyo niliitupa mapema. Ukikubali masharti yake, wenyewe wanaweza kusikiliza kila unachoweka, na kuwapa wengine. Kwa picha za matembezi, haya. Kwa sauti za watoto wagonjwa, hapana."

Chiriku alikufa ganzi.

Mama na Fundi walipotoka kwenda kumpokea mgonjwa, alikimbilia kompyuta. Palikuwa na kitufe cha "Ondoa". Angebonyeza tu, programu ingetoka, na nani angejua? Kidole kilikuwa tayari pale aliposikia sauti chumba cha kungojea. Alikuwa mvulana wa rika lake, amekuja na baba yake.

"Nnn… nani ana… anasikia sss… sauti yangu?" mvulana aliuliza. "Wa… watanicheka."

"Hakuna wa kukucheka," Mama alimjibu taratibu. "Tunaoisikia ni mimi, wewe na baba yako. Basi."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku. Mama yake hajawahi kumdanganya mgonjwa, na sasa alikuwa anasema jambo lisilo kweli bila kujua. Na aliyemfanya aseme hivyo ni yeye.

Aliondoa kidole. Alijikaza akaenda mlangoni.

"Mama, naomba uje. Sasa hivi."

Mama alimtazama usoni, akamwomba radhi yule baba, akaja ofisini na Fundi. Chiriku alieleza alivyoiunganisha ile programu. Alipomaliza, Mama alikaa chini polepole.

"Ulitaka kunisaidia?"

"Ndiyo, Mama."

"Na hapa kwenye 'Ondoa', ulikuwa unataka kufanya nini?"

Chiriku aliinamisha kichwa. "Nilitaka kuiondoa kimyakimya."

"Afadhali hukuiondoa," Fundi alisema huku vidole vikicheza kwenye kibodi. "Ungeitoa tu, sauti zilizokwisha nakiliwa zingebaki kwao, na sisi tusingejua kudai zifutwe." Alikata ruhusa, akabadilisha maneno ya siri, kisha akaiandikia kampuni kudai kila nakala ifutwe. Mama naye akatoa taarifa kwa ofisi ya serikali inayosimamia sheria ile.

Hapo Chiriku alidhani yameisha. Lakini Mama alitoka, akaketi mbele ya mvulana na baba yake.

"Nimekwambia jambo ambalo si kweli," alimwambia mvulana. "Sikujua, ila sasa najua. Sauti yako imetoka nje ya kituo hiki kwa makosa yetu."

Baba alikunja uso. Mvulana alimtazama Chiriku aliyesimama kando.

"Ni mimi niliyefanya," Chiriku alisema. "Sikuisikiliza, lakini nimeitoa. Nisamehe."

Baba alimshika mvulana mkono wakaondoka.

Jioni ile na kesho yake Mama aliwapigia wazazi wote waliohusika. Wengine walishukuru kuambiwa. Mmoja alimwachisha mwanawe kituo, na Mama hakubishana naye. Alimwelekeza kwa mtaalamu mwingine.

Jibu la kampuni lilifika: nakala zote zimefutwa, wala hakuna aliyezifungua. Ofisi ya serikali ilithibitisha, ikakionya kituo kwa maandishi. Fundi akaweka programu inayofunga kila nakala kabla haijatoka, na ufunguo ukabaki kwa Mama peke yake. Ili kuhakikisha, alifuta barua moja makusudi, akairudisha mbele ya macho yao.

Yule mvulana alirudi pia. Mama alimweleza sauti itakaa wapi na nani ataisikia, kisha akamuuliza kama anakubali kurekodiwa tena. Alifikiri sana.

"Nnn… ndiyo," alisema.

Walipokuwa wakifunga ofisi, Mama alimweka Chiriku karibu.

"Mimi nilikosea kuiacha kompyuta wazi, na onyo lile ni haki yangu. Wewe ulikosea kukubali kwa niaba ya watu ambao hukuwauliza. Siri ya mtu si mali yetu, mwanangu. Ametukabidhi tu. Ukiivunja, hata kwa nia njema, nenda ukamwambie mwenyewe, tena mapema, kabla hujatafuta pa kujificha. Atakasirika, na ana haki. Lakini atajua kwamba hapa haambiwi uongo."

"Nimeelewa, Mama."

"Haya, chukua begi lako," Mama alisema, akafunga mlango kwa ufunguo.