Tundu la Buluu

Haya niliambiwa na kitinda mimba wangu, siku ya pili tangu atoke gerezani, mimi nachambua mchele. Nayaandika alivyoyasema.

Saa tano asubuhi. Chumba cha nyuma cha karakana ya kuchomelea vyuma, watu watatu. Kufuli, mkubwa wao, alichora ramani sakafuni kwa chaki. Ofisi ya mwendesha mashtaka hufungwa saa saba, karani hurudi saa nane. Ndani ya kompyuta mna jina la aliyemchongea kwa polisi. Analitaka. Hakusema la kufanya nalo; alikuwa akifuta bastola kwa shati.

Mwanangu, wao walimwita Fundi, alishalijua jina hilo. Ni la Dereva, mume wa dada yake, aliyekaa papo hapo akichokonoa meno. Dada mtu alishamwambia, akilia.

Saa saba na robo. Kitasa cha ofisi kimeng'olewa, Dereva yuko chini na gari. Fundi akachomeka flashi yenye mfumo wa kuamshia kompyuta bila nywila. Aliichomeka tundu la buluu, la aina mpya, mbele, makusudi. Mfumo wake ni wa zamani. Tundu hilo haulioni. Maandishi yakatiririka, kisha yakasimama: mfumo wa mafaili haukupatikana.

"Nini hiyo?"

"Imegoma, bosi. Haioni flashi."

"Mbona imeanza nayo?"

Fundi akaeleza kuwa kuanza ni kazi ya kompyuta, kuendelea ni kazi ya mfumo, na mfumo umepotea njiani. Kufuli akasema arudie. Akarudia. Ikasimama pale pale.

Saa saba na nusu. Mdomo wa bastola ukamgusa nyuma ya sikio, baridi kama kijiko.

"Wewe si ndiye usiyeshindwa na mashine?"

Hapo mikono ikamsaliti. Miaka kumi na moja imetengeneza kompyuta za watu. Ikishikwa na hofu hufanya inachokijua. Kabla hajafikiri, vidole vimeng'oa flashi, vimepapasa nyuma, vimeichomeka tundu jeusi la zamani. Akawasha. Safari hii maandishi hayakusimama. Majalada yakajipanga kwenye kioo.

"Fungua langu," Kufuli alisema taratibu.

Saa nane kasorobo. Kishale kikafika juu ya jalada. Mfumo ule huishi ndani ya flashi. Ukiichomoa, kila kitu huganda. Akaichomoa. Akaiponda kwa kisigino.

Kitako cha bastola kikamvunja taya. Walipokuwa wakigaragazana, karani akafika mapema, akapiga yowe. Dereva kulisikia tu, akaondoa gari. Wawili walikamatwa ngazini. Kufuli yumo gerezani bado.

"Shemeji anaendesha bado?" mwanangu aliniuliza.

"Lori la kokoto. Ana mapacha."

Nikasema nitamwita huyo mkwe aje apige magoti. Mtu hamkimbii shemeji yake.

"Mama, usimwambie. Akijua kuwa nilijua, ataogopa kama mimi."

Akajilaza mkekani, akaniomba mlango nisiutie ufunguo. Nikauacha wazi. Maji ya wali yalipochemka alikuwa amelala.