Mgeni wa Ukumbi wa Wanawake

Shangazi yake bibi harusi alikuwa amejifunika. Ibtihal alisimamisha picha, akaisogelea kompyuta hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Kamera alikuwa ameishika mwenyewe, na alikumbuka vizuri kwamba yule mama alicheza kichwa wazi harusi nzima, nywele zake za hina zikimfika kiunoni, tena alijivunia hata akaomba apigwe picha kwa nyuma. Sasa alikuwa anacheza na buibui kichwani, amelibana chini ya kidevu kwa mkono mmoja, kama mtu aliyeambiwa kuna mwanamume mlangoni.

"Nimechoka," Ibtihal akajiambia, akaendelea na kazi.

Kuchoka alikuwa amechoka kweli. Siku kadhaa alikuwa hospitali akimuuguza mama yake, na kazi ya Ashwaq, bibi harusi huyo, ilikuwa inamngoja. Harusi hiyo ilipigwa kwa kamera mpya za picha kali, zile zinazoonyesha hadi jasho lililo juu ya mdomo, na mafaili yake yalikuwa mazito mno. Kompyuta ya nyumbani iliyakokota huku ikivuma kama birika. Ibtihal na mumewe Nashwan walifanya kazi hii ya video za harusi hapo hapo Hamtramck, mji wenye Wayemeni wengi huko Marekani, katika chumba cha chini ya nyumba, kati ya mashine ya kufulia na tanuri la kupashia nyumba joto. Mgawanyo wao ulijulikana mtaa mzima. Nashwan alipiga picha na kuhariri upande wa wanaume, wazee wakizunguka na majambia yao. Ibtihal alishika upande wa wanawake, ambako simu hukusanywa mlangoni, mabuibui yanavuliwa na kurundikwa juu ya viti, na wanawake ambao barabarani huoni ila macho yao wanacheza hadi viatu vinapotea.

Picha hizo hazionwi na mwanamume. Si baba, si kaka, si fundi. Kabla ya kila harusi Ibtihal aliweka mkono juu ya msahafu mbele ya bibi harusi na mama yake, akaapa. Kamera kila mtu ana uwezo wa kununua siku hizi, lakini wanawake wa mtaa ule walimfuata yeye kwa sababu ya kile kiapo.

Alirudisha picha nyuma kidogo ili aiunganishe na ya kamera ya pili. Ndipo aliposikia harufu ya udi. Nyumbani kwake hakuna aliyefukiza, na udi huu ulikuwa mkali, una kitu ndani yake kama nywele zinazoungua. Alitazama ngazi, akatazama dirisha dogo lililozibwa nusu na theluji. Hapakuwa na mtu.

Alipogeuka, wanawake waliojifunika walikuwa wengi zaidi.

Akarudisha tena. Wakaongezeka. Waliinama mbio kwenye viti, wakanyakua buibui lolote lililo karibu, liwe lao lisiwe lao, wakavuta mitandio, mmoja akajifunika uso kwa kitambaa cha meza, vile vile wanavyofanya mwenye kipaza sauti anapotangaza kwamba bwana harusi anaingia. Lakini bwana harusi alikuwa bado, kuingia kwake kulikuwa katika faili jingine kabisa. Na hawakuwa wanatazama mlangoni. Walitazama kamera, wakapita kamera, wakatazama kiti alichokalia yeye, na nyuso zao zilikuwa za watu waliotukanwa.

Mmoja tu hakujifunika. Alisimama karibu na nguzo, mrefu, gauni la kijani, nywele nyeusi zimelowa zikimfika magotini, na Ibtihal, aliyezunguka ukumbi ule na kamera mkononi hadi miguu ikavimba, hakuwahi kumwona. Kila mahali pengine watu wa nyuma walikuwa na ukungu, kwa kuwa kamera ilimlenga bibi harusi, ila yeye alionekana wazi kuliko bibi harusi mwenyewe, na kila picha iliporudishwa alikuwa amesogea, kutoka nguzoni hadi mezani, kutoka mezani hadi katikati ya wachezaji waliompisha bila kumtazama, midomo yake ikienda, mpaka katikati ya ngoma na vigelegele ikasikika sauti ya chini, ya karibu, ya mwanamke aliyeghadhibika anayejizuia asipige kelele mbele za watu, ikiuliza: "Aliyekaa hapo kabla yako ni nani?"

Ibtihal alizima programu. Alibofya vibaya mara kadhaa. Na kabla picha haijatoweka kiooni aliona jambo jingine, ambalo macho ya kazi yalipaswa kuliona tangu mwanzo.

Rangi za nyuso zilikuwa sawa. Ukumbi ule una taa za zambarau, na alipoiacha kazi wanawake wote walikuwa na rangi ya bilinganya. Hatua ya kurekebisha rangi hakuwa ameifikia. Sasa kila mmoja alikuwa na ngozi yake: weupe wa Ashwaq, maji ya kunde ya shangazi, weusi wa rafiki wa bibi harusi. Kazi hiyo huifanyi bila kutazama. Unaukuza uso, shingo, mkono, unaukodolea mpaka ukae sawa, kisha unahamia kwa mwingine. Na kazi ilikuwa nzuri sana. Mkono ule aliujua.

Hofu ilikuwepo bado, lakini hasira iliipiga kumbo. Alipanda ngazi.

Nashwan alikuwa jikoni, anamega mkate wa sabaya na kuuchovya asalini.

"Baba Lujain, ulishuka chini nilipokuwa kwa mama?"

"Nilishuka kufua."

"Wewe? Kufua?"

"Soksi."

"Uligusa kazi ya Ashwaq?"

"Nina wazimu?" Alimega tena. "Ile ni kazi yako. Mimi hata diski yake siijui ilipo."

"Rangi karekebisha nani?"

"Programu yenyewe, labda. Hizi mpya zinajifanyia."

"Ashwaq ana kovu la moto begani. Chai ilimmwagikia akiwa mtoto. Limefutwa, Nashwan. Limefutwa vizuri, kwa subira. Programu ilijuaje kwamba linamkera?"

Akalamba asali kidoleni. Uso wake haukuwa wa aibu, ulikuwa uso wa fundi anayesubiri asifiwe, na hilo ndilo lililomchoma Ibtihal zaidi.

"Nilikuwa nakusaidia," akasema. "Umelemewa. Nilitazama rangi tu. Kwangu mimi zile ni rangi, si watu."

Hapo ngoma zikaanza kulia chini.

Nashwan aliacha kutafuna. "Umeiacha inacheza?" akanong'ona.

"Nimeizima."

Harufu ya udi ilikuwa imepanda ngazi, ikajaa jikoni, na asali mezani ikaanza kunukia nywele zilizoungua.

Hajati Taqiyya alikaa nyumba ya nyuma, ng'ambo ya kichochoro. Alikuwa akiwasomea Kurani watu waliopatwa na mambo kama haya, na alikuwa mkali, hana simile. Ibtihal alipomwita, aliingia akilalamikia magoti yake na theluji ambayo Nashwan hakuiondoa kwenye vidato vya mlango. Akashuka na Ibtihal, wakamwacha Nashwan juu. Akavaa miwani, akatazama. Wale wanawake wote walikuwa wamejitanda nyeusi sasa, ukumbi mzima, wamesimama tuli, na mbele yao yule wa gauni la kijani, uso umejaa skrini.

"Huyu si binadamu," Hajati akasema polepole. "Wanakuja harusini, hawa. Wanapenda ngoma kama sisi. Na majini wa kike wenye heshima huja upande wetu, kwa kuwa hakuna mwanamume. Huyu alivua mtandio wake akijua yuko kwa wanawake. Mumeo kamwona."

"Mfukuze, Hajati. Nakuomba."

Hajati alisoma, akatia mate kwenye maji, akayanyunyizia pembe za chumba. Kisha akaweka sikio kwenye spika, akasikiliza muda mrefu huku Ibtihal akihesabu pumzi zake mwenyewe.

"Simfukuzi," akasema alipoinuka. "Ana haki yake. Anataka mumeo aseme alichokiona, kwa mdomo wake, hapa mbele yetu, halafu akamwambie Ashwaq. Akisema, anasamehe, anaondoka. Mimi nitamfukuzaje mtu aliyekosewa?"

Wakamwita. Nashwan alishuka akiwa amegeuzia skrini kisogo, eti anaona haya. Haya ilimjia baada ya kushiba! Ibtihal alimweleza, sauti yake ikiwa ya chini na kavu.

"Nikisema tumekwisha," Nashwan akanong'ona. "Kaka zake Ashwaq wataniua. Hakuna mwanamke mtaani atakayekuita tena."

"Najua. Sema. Nitakwenda nawe, nitasimama kando yako. Mimi ndiye niliyeapa, Nashwan, na kiapo changu ndicho ulichokikanyaga. Sema tu kweli."

"Sema, mwanangu," Hajati akasema. "Ni maneno tu."

Kwenye spika sauti ile iliuliza, bila ghadhabu safari hii, karibu kwa upole: "Ulituona?"

Nashwan alimtazama mkewe. Akautazama msahafu ulio juu ya rafu, ule ule ambao Ibtihal aliuapia mbele ya kila bibi harusi, akauchukua, akauwekea kiganja. Ibtihal alishusha pumzi. Alidhani amechagua vema.

"Wallahi," Nashwan akasema, "sikumwona mwanamke yeyote."

Ngoma zikakatika. Udi ukatoweka mara moja, chumba kikabaki na harufu yake ya sabuni na vumbi la tanuri. Kwenye skrini shangazi alikuwa anacheza, nywele zake za hina zikirukaruka, mabuibui yako juu ya viti, na karibu na nguzo hapakuwa na mtu. Ibtihal akaizima upesi.

Nashwan alicheka, kicheko cha mtu aliyechomoka. "Mmeona? Kelele zote zile." Akageuka, na kicheko kikamfia mdomoni. "Mbona umejifunika humu ndani?"

Ibtihal alikuwa kichwa wazi, nywele amezibana juu kwa kalamu.

"Nimejifunika nini?"

Nashwan alimtazama yeye, akamtazama Hajati, akarudi kwake. Macho yake yalitafuta kitu usoni pa mkewe, yakateleza, yakatafuta tena. "Yupi kati yenu ni mke wangu?" akauliza. "Acheni mchezo. Wote mmejitanda nyeusi, hata macho siyaoni."

Hajati Taqiyya alivua miwani, akaifuta. Ibtihal alielewa: kiapo kilikuwa kimemshika mumewe kama alivyokitamka. Alitaka kulia akashindwa, maana hasira ilikuwa imekaa mahali pa machozi.

Mlango wa juu ukafunguka. Lujain, binti yao, alikuwa amerudi kutoka shule, akashuka mbio na koti lake la theluji, kichwa wazi, mikia miwili ya nywele yenye utepe wa njano, anacheka na pengo lake la mbele.

"Baba, limeng'oka! Tazama!"

Nashwan alirudi nyuma hadi akagonga mashine ya kufulia. "Nani kamfunika mtoto uso?" akasema. "Ana miaka saba. Nani kamvika hivi?"

Ibtihal alichukua simu, akatafuta namba ya Ashwaq, akapiga. "Mwanangu," Ibtihal akamwambia Ashwaq alipoitika, "kaa kitako. Nina jambo la kukwambia, na ukimaliza kunisikiliza utanitukana, na ni haki yako." Nyuma yake Nashwan alikuwa amepiga magoti mbele ya binti yake, vidole vyake vikipita juu ya shavu la mtoto lililo wazi, polepole, vikitafuta upindo wa nguo ili aifunue.