Daftari la Usingizi wa Ferdinand

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Monica alifagia uwanja wa nyumba yao ya Kimara, akachota maji, kisha akamuuliza kaka yake, "Umelalaje?" Jibu aliliandika kwenye daftari. Kazi hiyo alipewa na Daktari Manal, mtafiti wa ubongo na maradhi ya akili. Kaka yake, Ferdinand, mchonga vinyago, alikuwa akisikia sauti zisizosikiwa na wengine, na daktari alitaka kujua kama kukosa usingizi kulizidisha sauti hizo.

Siku tatu za kwanza Monica aliandika kwa bidii. Kisha uvivu ukamwingia. Ijumaa ya pili, alipokumbuka kwamba daktari angekuja kesho yake, alijaza siku kumi na moja kwa mpigo: Amelala vizuri. Amelala vizuri. Lakini njia ya mwongo ni fupi.

Jumamosi Daktari Manal alisoma daftari, akatabasamu. "Hongera, Ferdinand! Sasa naweza kukupunguzia dawa."

Ferdinand alijikuna kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mie nilidhani silali, dokta. Nilidhani nawasikia majogoo wote wa Kimara wakiwika. Lakini kama Monica kaandika, basi nimelala. Kichwa changu ndicho kinanidanganya."

Monica aliona aibu mpaka machozi yakamtoka. Kaka yake alikuwa tayari kuikana akili yake mwenyewe ili auamini uongo wa dada yake.

"Kichwa chako hakikudanganyi, kaka," alisema kwa kwikwi. "Nimepika majibu tu. Sijakuuliza tangu Jumanne ya wiki iliyopita."

"Kumbe majogoo walikuwa wa kweli!" Ferdinand alishusha pumzi, akacheka. Kicheko hicho kilimuuma Monica kuliko fimbo.

"Nisamehe, kaka. Nisamehe, dokta."

"Dawa haipungui," alisema Daktari Manal kwa upole. "Monica, miaka kumi na mitano nachunguza ubongo, na bado namtegemea mtu aniambie kweli. Ukisahau kuuliza, acha nafasi wazi. Lakini ukipika majibu, anayeyala ni mgonjwa."

Monica alichukua kalamu, akaifuta mistari yake yote kumi na mmoja.

Jumapili asubuhi, kabla hajashika ufagio, aliketi karibu na kaka yake. "Shikamoo, kaka. Umelalaje?"

"Marahaba. Kidogo tu."

Akaandika: Kidogo tu.